Urembo na Urimbo: Watumishi Waliogeuka Waimbaji

Katika jamii yenye matabaka hakuna burudani isiyo na upande. Wimbo, ngano, mchezo wa jukwaani na picha ya televisheni, vyote hubeba ndani yake mawazo ya tabaka fulani juu ya nani anastahili nini, na kwa sababu gani. Makada wote wanalijua jambo hili. Lakini likiachwa katika ujumla wake hugeuka kuwa kama dua ya kufungulia mkutano: kila mtu huitikia, na akitoka nje anaendelea kama alivyokuwa. Kwa hiyo tumeona heri tuchukue kazi moja ya televisheni, tuipasue, tuone kilichomo ndani.

Kazi tuliyoichagua ni tamthilia ya Brazili iitwayo Cheias de Charme, maana yake wanawake waliojaa haiba. Ilirushwa na TV Globo kuanzia tarehe 16 Aprili hadi tarehe 28 Septemba mwaka 2012. Waandishi wake ni Filipe Miguez na Izabel de Oliveira. Ni hadithi ya wasichana watatu watumishi wa majumbani wanaounda kundi la muziki na kupata umaarufu nchi nzima, huku mapenzi yakiwavusha na kuwarudisha kwenye mpaka wa matajiri na maskini. Tumeichagua kwa sababu katika aina hii ya tamthilia, ambayo watu wetu wameizoea tangu televisheni ianze Tanzania Bara mwaka 1994, ni nadra kumwona mtumishi akiwa mwenye hadithi. Kwa kawaida yeye ndiye anayefungua mlango ili wenye hadithi waingie.

Wako wenzetu wanaosema kwamba tamthilia za namna hii ni upuuzi, na kuzijadili ni kupoteza wakati. Wako wengine wanaosema kwamba kwa kuwa mashujaa wake ni wavujajasho, basi ni kazi ya kimaendeleo na tuipigie makofi. Pande zote mbili zimekosea. Wahenga walisema penye urembo ndipo penye urimbo. Mwindaji anayejua kazi yake hapaki urimbo kwenye mti mkavu. Huupaka pale ambapo ndege ana sababu ya kutua. Kazi yetu ni kuonyesha mahali ambapo ndege ana haki ya kutua, kisha kuonyesha urimbo uliopo hapo hapo.

CHOMBO NA WENYE CHOMBO

TV Globo ilianza kurusha matangazo Rio de Janeiro mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya majeshi kuipindua serikali ya Rais João Goulart. Ni mali ya familia ya Marinho, na katika miaka yake ya mwanzo ilisaidiwa kwa mtaji na utaalamu na kampuni ya Marekani ya Time-Life. Chini ya utawala wa kijeshi, uliodumu hadi mwaka 1985, ilikua na kuwa kituo kikubwa kuliko vyote nchini humo. Bidhaa yake kuu ni tamthilia ya mfululizo, inayoonyeshwa jioni hata jioni, kila siku isipokuwa Jumapili, kwa miezi kadhaa. Kila saa ya jioni ina tamthilia yake. Ile ya saa 1 usiku, ambayo ndiyo saa ya Cheias de Charme, kwa desturi ni ya mzaha na mambo mepesi.

Sasa tujiulize: kwa nini kituo cha mabepari kiliamua mwaka 2012 kumtoa mtumishi jikoni na kumweka katikati ya picha? Jibu halimo katika huruma. Tangu Lula da Silva aingie madarakani mwaka 2003, kima cha chini cha mshahara nchini Brazili kilipandishwa mara kwa mara, na familia maskini zikapewa ruzuku ya serikali. Mamilioni ya watu ambao zamani hawakuweza kununua friji waliweza kununua friji. Wafanyabiashara wakaona soko jipya. Globo nayo ikaona kwamba watazamaji wake wa kesho wako katika vitongoji, wala si katika majumba ya ufukweni peke yake. Mwaka huo huo ilionyesha pia Avenida Brasil, ambayo nayo iliwapeleka watazamaji katika kitongoji cha Rio. Mtumishi alikuwa amenyonywa miaka yote hiyo, na kamera haikumtafuta. Ilimtafuta siku alipokuwa mnunuzi.

HADITHI YENYEWE

Penha ni mwanamke mweusi, mama wa mtoto, mwenye mume asiyependa kazi na mdogo wake wa kiume, Elano, ambaye ni mwanasheria. Anaishi kitongoji kiitwacho Borralho na anafanya kazi kwa Chayene, mwimbaji tajiri wa muziki wa dansi unaopendwa na watu wa kawaida. Chayene anamdhulumu na kumpiga. Rosário ni mpishi anayetunga nyimbo na kuota jukwaa. Anamhusudu mwimbaji Fabian, kipenzi cha wasichana. Cida, mdogo kuliko wote, ni yatima. Mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya wakili Sarmento, na baada ya kifo cha mama yake Cida alibaki humo humo akilelewa na kufanya kazi.

Watatu hawa hawakuwahi kujuana. Wanakutana mahabusu, kila mmoja akiwa ameletwa kwa kisa chake, na kutoka hapo wanakuwa kitu kimoja. Siku ambayo Chayene hayupo, wanaingia katika jumba lake, wanavaa nguo zake, na wanarekodi picha ya wimbo unaosimulia maisha ya mtumishi. Picha hiyo inavuja kwenye intaneti. Nchi nzima inaucheka na kuucheza wimbo ule. Ndivyo linavyozaliwa kundi la Empreguetes, jina lililochongwa kutokana na neno la Kireno la mtumishi wa nyumbani. Baada ya hapo ni mashitaka, mikataba, maonyesho, wivu wa Chayene, kuvunjika kwa kundi na kuungana tena, hadi ushindi na mapenzi ya mwisho.

UKWELI WA JIKONI

Tuanze na lililo kweli, maana lipo. Kwanza ni mahali pa kukutania. Mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi aliyetengwa kuliko wafanyakazi wengi. Mfanyakazi wa kiwanda ana mamia ya wenzake chini ya paa moja. Wanakula pamoja, wananung'unika pamoja, na siku ikifika wanagoma pamoja. Mtumishi yuko peke yake na mwajiri wake, nyuma ya mlango uliofungwa. Analala kazini. Malalamiko yake hayana pa kusikilizwa. Tamthilia hii imeelewa kwamba watumishi watatu hawawezi kuanza kusaidiana mpaka kwanza wakutane, na kwamba katika jamii ile mahali pa kwanza palipowakutanisha ni mahabusu. Hilo si jambo dogo.

Pili ni nyumba ya Sarmento. Eneo lenye uzio wanamoishi matajiri wa tamthilia hii limepewa jina la Casa Grande, yaani nyumba kubwa. Mtazamaji wa Brazili analielewa jina hilo mara moja. Nyumba kubwa ni ile ya bwana wa shamba la miwa, na pembeni yake lilikuwa banda la watumwa, senzala. Mwaka 1933 mwanazuoni Gilberto Freyre aliyaunganisha majina hayo mawili kuwa jina la kitabu chake mashuhuri. Brazili ilipokea Waafrika karibu milioni 5 waliotekwa, wakiwamo wengi waliosafirishwa kutoka pwani ya Msumbiji, na ndiyo nchi ya mwisho katika Amerika kufuta utumwa, tarehe 13 Mei mwaka 1888. Banda halikubomoka siku ile. Liliingia ndani ya nyumba, likawa kile chumba kidogo kando ya jiko ambacho majengo ya ghorofa ya Brazili yamekuwa yakichorewa kwa ajili ya mtumishi, pamoja na lifti yake ya huduma ili asipande na wenye nyumba.

Tatu, na hapa ndipo tamthilia inapouma kuliko mahali pengine pote, ni hali ya Cida. Kwa akina Sarmento yeye ni kama mtoto wao. Hayo ndiyo maneno. Lakini huyu aliye kama mtoto hali mezani na watoto. Anawapigia pasi nguo binti za nyumba, na wanaposherehekea yeye ndiye anayebeba sinia. Neno hilo «kama» linafanya kazi kubwa. Akidai mshahara anaambiwa: sisi ni ndugu, ndugu hawalipani. Akidai kiti anaambiwa: kumbuka kazi yako. Anakosa mapato ya mfanyakazi na anakosa heshima ya mtoto, yote kwa neno moja la upole. Hakuna haja ya kwenda Rio de Janeiro kulisikia neno hilo.

NGAZI YA WATU WATATU

Sasa tuje kwenye urimbo. Tamthilia hii imeuona ugonjwa vizuri, kisha imeandika dawa ya uongo. Dawa yenyewe ni hii: mwenye kipaji atapanda. Watatu wanapanda ngazi na kufika juu, na mtazamaji anafurahi. Lakini tujiulize swali ambalo tamthilia haiulizi: baada ya Penha, Rosário na Cida kupanda jukwaani, ni nani anayeosha vyombo? Vyombo havikujiosha. Jiko la Chayene halikufungwa. Nafasi iliyoachwa na mmoja inajazwa na mwingine, kwa mshahara ule ule na chumba kile kile. Watatu wametoka katika tabaka lao. Tabaka lenyewe limebaki palepale.

Watungaji wanajua wanachokifanya, maana wamekiri kwa jina la kitongoji. Borralho ni majivu ya moto ya jikoni, na kwa Kireno ndiyo asili ya jina la yule msichana wa ngano anayelala kwenye majivu mpaka mwana wa mfalme amwoe. Mwana wa mfalme siku hizi ni umaarufu, na kiatu chake ni intaneti. Lakini mantiki ya ngano haijabadilika: ili msichana mmoja atukuzwe, sharti wengine wote wabaki kwenye majivu, la sivyo hakuna ajabu ya kusimulia.

Mapenzi nayo yamepangwa kwa utaratibu huo huo. Cida anapendana na Conrado, kijana wa kitajiri asiyejua kwamba msichana wake ni mtumishi. Ukweli unapojulikana, anamgeukia Isadora, binti wa Sarmento. Mpaka hapa tamthilia imesema kweli: katika tabaka lile ndoa ni mkataba wa mali. Mwishowe Cida anampata Elano, mwanasheria kijana wa Borralho, mtu wa asili moja naye, na jambo hili tunalikubali kwa moyo mweupe. Lakini angalia jinsi jeraha la Cida lilivyofungwa. Inagunduliwa kwamba Sarmento ndiye baba yake mzazi! Kwa mara moja tu, madai ya mfanyakazi yanageuka kuwa siri ya ukoo. Mtazamaji aliyekuwa akikasirika kwa sababu mtumishi amenyimwa haki sasa anakasirika kwa sababu binti amenyimwa baba. Dhuluma ya kitabaka imepewa dawa ya damu. Na yule mtumishi ambaye si binti wa mwenye nyumba, ambaye baba yake ni mkulima tu wa mbali, tamthilia hii inamwambia nini? Haimwambii kitu.

Ipo hila nyingine iliyofichika zaidi. Rosário, aliyemwota Fabian, anakutana na Inácio, kijana wa kawaida mwenye sura ile ile ya Fabian. Mwigizaji mmoja, Ricardo Tozzi, anaigiza wote wawili. Ni mzaha mzuri, na umechekesha sana. Lakini mzaha huo unafundisha kwamba tofauti ya aliye juu na aliye chini ni taa ya jukwaani tu, kwamba tajiri na maskini ni sura moja iliyovaa nguo mbili. Kumbe kinachowatenganisha watu hawa ni nani anamiliki na nani anatumikia, na umiliki haubadilishwi kwa kubadilisha nguo. Watatu walivaa nguo za Chayene siku nzima, na walipozivua nyumba ilikuwa bado ya Chayene.

Hatuwezi pia kunyamaza juu ya rangi. Nchini Brazili, watumishi wa majumbani ni karibu milioni 6. Zaidi ya tisa katika kila kumi ni wanawake, na walio wengi ni weusi. Katika mashujaa watatu wa tamthilia hii, mweusi ni mmoja: Penha, aliyeigizwa na Taís Araújo kwa ustadi mkubwa. Msanii huyu ndiye yule ambaye mwaka 2004, katika Da Cor do Pecado, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa shujaa mkuu wa tamthilia ya Globo, miaka 39 baada ya kituo kuanzishwa. Hesabu ya jikoni na hesabu ya jukwaani hazilingani.

UASI ULIOTIWA BEI

Wimbo wa watumishi watatu, ndani ya hadithi, ni kitendo cha uasi. Wamechukua nyumba ya bibi mkubwa, mavazi yake na aina yake ya muziki, na kwa vitu hivyo wamemsimulia yeye mwenyewe. Wasanii wa umma mahali pengi wamewahi kufanya hivyo; ngoma zetu za beni katika miji ya pwani zilivaa sare za wakoloni na kuwacheka kwa hatua zao wenyewe za gwaride. Tunakiri kwamba nguvu ya kitendo hicho imeonekana katika tamthilia hii, na ndiyo sababu wimbo ule uliimbwa mitaani.

Lakini nje ya hadithi mambo yalikuwaje? Mwezi Mei 2012 Globo iliiweka picha ya wimbo huo kwenye intaneti kabla ya kuionyesha katika televisheni, ili watazamaji waitafute kama watu wanaotafuta kitu kilichovuja. Ilitazamwa mara mamilioni. Santuri za tamthilia zilitolewa na Som Livre, kampuni ya muziki iliyokuwa wakati huo mali ya Globo hiyo hiyo. Mabepari walitengeneza uasi, wakauvujisha wenyewe, wakauuza wenyewe, na kati ya sehemu moja na nyingine wakauza sabuni kwa yule yule anayefulia wengine. Mtu asidhani kwamba ubepari unaogopa kila wimbo wa mnyonge. Unaogopa mnyonge aliyejipanga. Wimbo peke yake unaweza kutiwa bei.

HISTORIA ILIYOACHWA NJE

Je, watumishi wa Brazili walikuwa wakingoja kipaji kiwaokoe? La hasha. Mwaka 1936, katika mji wa bandari wa Santos, mwanamke mweusi aitwaye Laudelina de Campos Melo, aliyeanza utumishi akiwa mtoto, alianzisha chama cha kwanza cha wafanyakazi wa majumbani nchini humo. Kilifungwa wakati wa utawala wa mabavu wa Getúlio Vargas. Vargas huyo huyo alipotoa sheria kuu ya kazi mwaka 1943, sheria ambayo wafanyakazi wa viwandani waliishangilia, watumishi wa majumbani waliachwa nje kwa kutajwa waziwazi. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa haki chache, na Katiba ya mwaka 1988 iliongeza nyingine, lakini bado haikuwapa kikomo cha saa za kazi. Mwaka 1997 vyama vyao viliungana katika shirikisho la taifa.

Halafu likaja badiliko la Katiba la tarehe 2 Aprili 2013, lililowawekea kikomo cha saa 8 kwa siku na saa 44 kwa wiki, na sheria ya utekelezaji ya mwaka 2015. Aliyelisimamia badiliko hilo katika Baraza la Wawakilishi kama mtoa taarifa wake alikuwa Benedita da Silva, mwanamke mweusi kutoka kitongoji cha maskini cha Rio, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani. Baraza hilo lilimaliza kulipigia kura Desemba 2012, miezi michache tu baada ya tamthilia kwisha.

Linganisheni hadithi hizi mbili. Laudelina na Benedita hawakukosa mikasa ya kutosha tamthilia: umaskini, hila za wakubwa, kushindwa na kuinuka. Tofauti ni kwamba katika hadithi yao wanaopata saa 8 ni mamilioni, wenye sauti nzuri na wasio nayo. Hadithi hiyo ilidumu miaka 77, haikuwa na harusi mwishoni, na hakuna sabuni iliyotangazwa katikati yake. Hatusemi kwamba tamthilia haikuchangia kitu. Watu waliozoea kumcheka Penha kila jioni huenda waliona haya kidogo kumnyima saa zake. Lakini haya ya mtazamaji haiandiki sheria. Sheria iliandikwa na walioshikilia chama wakati hakuna kamera.

WAJIBU WETU

Kwanza, tuache kuwadharau wanaotazama tamthilia. Anayetazama anatafuta maisha yake mwenyewe, na akiyapata hata kwa kipande, tuanze naye hapo. Kada anayemwambia mama wa mtaani kwamba anapenda upuuzi amekwisha kujifungia mlango. Aulize badala yake: Penha alikosewa nini? Angemshitaki nani? Waliobaki jikoni wamepata nini? Maswali matatu kama haya, baada ya kipindi, yanafaa kuliko mhadhara wa saa mbili.

Pili, waandishi na wasanii wetu wasiridhike na kumbadilisha shujaa tu. Kumtoa tajiri na kumweka maskini katikati ya hadithi ni hatua, lakini kama mwisho wa hadithi ni maskini kuwa tajiri, aliyetukuzwa ni utajiri. Ipo hadithi ya mwaka 1956, wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani walipogoma Dar es Salaam chini ya pua ya mkoloni. Ndani yake yamo mapenzi, woga, usaliti na nyimbo. Inangoja mwandishi.

Tatu, na hili ni zito kwa sababu halihusu Globo wala Brazili. Jioni, tamthilia inapoanza, katika nyumba nyingi za watumishi wa umma, walimu na makada, yuko msichana anayeitazama akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Ametoka mkoani, mara nyingi ni jamaa wa mbali, na sisi husema kwamba ni kama mtoto wetu. Analia Penha anapolia. Tunaweza kumfundisha maana ya unyonyaji kwa maneno mengi, lakini yeye anayo mifano ya kutosha: saa anayoamka, saa anayolala, na mshahara ambao unaahirishwa mwezi baada ya mwezi. Kada atakayeandika uchambuzi mkali wa Chayene huku mshahara huo haujalipwa, huyo ameandika mashitaka yake mwenyewe. Alipe kwanza, aweke saa za kazi, atoe siku ya mapumziko, ampe kiti. Baada ya hapo wakae wote wawili waitazame tamthilia, na mjadala utakuwa na maana.